Siku moja Kyoto: upande wa babu au upande wa mjukuu?

Nilipokuwa nasoma Osaka, wageni walionifikia kutoka nyumbani walikuwa na ombi moja: "Nina siku moja tu ya Kyoto. Nipeleke kwenye hekalu la dhahabu, na kwingine kote." Hapo kwenye "kwingine kote" ndipo safari ilipoharibikia. Kyoto ulikuwa mji wa wafalme wa Japani tangu mwaka 794 hadi mfalme alipohamia Tokyo mwaka 1869. Mahekalu yake yanazidi elfu moja, na ukichukua tu yale yaliyomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya mwaka 1994, pamoja na miji jirani ya Uji na Otsu, unapata sehemu 17. Mtaka yote hukosa yote. Mgeni wangu wa kwanza nilimzungusha sehemu sita kwa siku. Usiku, akipitia picha kwenye simu, alinionyesha paa moja akaniuliza, "Hili nalo ni lipi?" Hata mimi sikujua.

Tangu hapo nikawa nawapa wageni chaguo la pande mbili, na kila upande una bwana wake. Kaskazini-magharibi kuna Kinkaku-ji, lile la dhahabu, alilolianza Ashikaga Yoshimitsu. Mashariki, chini ya vilima vya Higashiyama, kuna Ginkaku-ji, linaloitwa la fedha, alilolianza Ashikaga Yoshimasa. Wote wawili walikuwa mashoguni, watawala wa kijeshi walioshika nchi huku mfalme akibaki na heshima tu. Na Yoshimasa ni mjukuu wa Yoshimitsu. Ukilijua hilo, mji mzima unaanza kusomeka: babu alijenga ili watu waone, mjukuu alijenga ili ajifiche.

Dhahabu ya babu

Yoshimitsu alichukua eneo lake mwaka 1397 akalifanya makao ya uzeeni, ingawa uzee wenyewe ulikuwa wa kazi: aliendelea kutawala kutokea hapo. Alipofariki mwaka 1408, makao yakageuzwa hekalu la Zen, tawi moja la Ubudha, kama alivyousia. Jengo lina ghorofa tatu, na kila moja ina mtindo wake. Ya chini ni ya mbao tupu, kwa mtindo wa majumba ya watu wa ikulu. Ya pili ni ya kisamurai. Ya tatu inafuata mahekalu ya Zen, na juu ya paa amesimama ndege wa hadithi, finiksi. Ghorofa mbili za juu ndizo zilizovikwa dhahabu. Mbele yake kuna bwawa linaloitwa Kyoko-chi, yaani bwawa la kioo, na asubuhi isiyo na upepo unaona majengo mawili, moja limesimama na moja limepinduka.

Sasa jambo ambalo wageni hawapendi kuambiwa wakiwa wameshalipa: jengo hilo ni la mwaka 1955. La asili lilipona vita na mioto ya karne tano, kisha Julai 1950 likachomwa moto na mtawa kijana aliyekuwa akijifunza hekaluni humo humo. Lililojengwa upya lilivikwa dhahabu nzito zaidi katika ukarabati uliokamilika mwaka 1987. Mimi halinisumbui. Wajapani wana desturi ndefu ya kujenga upya kile kile mahali pale pale, na bwawa, visiwa vyake na misonobari yake havikuungua. Lakini kama umekuja kushika ukuta ulioguswa na watu wa karne ya 15, jua kwamba hapa hutaupata. Hata kuingia ndani huruhusiwi. Unalitazama kutoka ng'ambo ya bwawa, unapita nyuma yake, unapanda ngazi kidogo, unatokea kwenye vibanda vya zawadi. Njia ni moja na haina kurudi. Wengi humaliza kwa dakika 40.

Tiketi yenyewe ni kitu cha kutunza: karatasi ndefu yenye maandishi ya wino na muhuri mwekundu, mfano wa hirizi ya kuombea heri nyumbani. Shangazi yangu ameibandika sebuleni, kando ya kalenda.

Fedha isiyo fedha ya mjukuu

Upande wa pili, Yoshimasa. Katika siasa huyu ni mtu wa kulaumiwa. Mgogoro wa nani amrithi, mdogo wake au mwanawe, ulichangia kuzusha vita vya Onin, 1467 hadi 1477, vilivyoteketeza sehemu kubwa ya Kyoto. Mji ukiwa bado majivu, yeye mwaka 1482 akaanza kujenga makao yake chini ya kilima, akatoza watu kodi na nguvu kazi, akajifungia humo na chai, maua, uvumba na ushairi. Alifariki mwaka 1490 kabla kazi haijakwisha. Mtawala wa hovyo, lakini jicho lake lilikuwa la ajabu: mengi ambayo leo dunia inayaita "ya Kijapani", kile chumba kitupu chenye mikeka, kikombe kimoja na ua moja, yalipata sura yake kwake.

Jengo linaitwa la fedha, na fedha haimo. Mwaka 2007 watafiti walilipima wasipate hata chembe. Jina lenyewe lilikuja baadaye, watu walipotaka kulilinganisha na la babu. Unachokiona ni mbao zilizopauka, ghorofa mbili, na kando yake ukumbi mdogo uitwao Togudo wenye chumba cha mikeka minne na nusu, mojawapo ya vyumba vya zamani kabisa vya mtindo ule uliokuja kuwa chumba cha Kijapani unachokijua. Hizi ndizo mbao za karne ya 15, zenyewe. Hapa mjukuu anamshinda babu.

Chini yake kuna mchanga mweupe uliosawazishwa kama meza na kuchorwa mistari, na pembeni umesimama mlima wa mchanga uliokatwa kilele, wenye kimo cha mtu. Mara ya kwanza nilidhani mafundi wameacha kazi katikati. Wengi husema vimewekwa kwa ajili ya usiku wa mbalamwezi, mwanga uangukie mchanga na kurudi ukumbini. Shida ni kwamba usiku geti limefungwa, kwa hiyo itabidi uwaamini.

Kisha njia inapanda kilimani katikati ya kuvumwani, ule ujani laini kama zulia unaoota kwenye mawe yenye unyevu. Kule juu paa la fedha linaonekana chini yako na mji mzima umelala nyuma yake. Ngazi ni nyingi kuliko za Kinkaku-ji. Shangazi, mwenye goti la kuuma, alizipanda akisimama kila baada ya ngazi kumi, na hakulalamika. Kwa babu alilalamika kuhusu msongamano.

Kinachofuata baada ya geti

Ungelinganisha Kinkaku-ji na Ginkaku-ji peke yake, mgeni wa mara ya kwanza angechagua dhahabu, na nisingembishia. Lakini siku haiishi dakika 40. Cha kuuliza ni: ukitoka pale, unaelekea wapi?

Upande wa babu unatoka kwenye barabara ya magari. Hekalu la Ryoan-ji ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu kando ya barabara hiyo, au unapanda basi namba 59. Ndilo linaloukomboa upande huu. Ndani kuna baraza la mbao, na mbele ya baraza kuna uwanja wa changarawe nyeupe, kama mita 25 kwa 10, wenye mawe 15 katika mafungu matano. Hakuna mti, hakuna maji, hakuna ua. Kuna kuvumwani kidogo tu kuzunguka mawe. Ukuta wa nyuma ni wa udongo uliochanganywa na mafuta, na kwa karne nyingi mafuta hayo yametoka nje na kuuchora madoa ya kahawia. Aliyeibuni bustani hiyo hajulikani, ingawa nyuma ya jiwe moja yamechongwa majina, labda ya mafundi.

Watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa kukaa barazani. Kwa hiyo nilimwacha shangazi akae, ahesabu mawe. Akapata 14. Akasogea, akahesabu tena, 14. Mawe yamepangwa hivi kwamba popote utakapokaa barazani, angalau jiwe moja limefichwa na jenzake. Alisogea mara nne, mwisho akawa anagombana kwa ishara na bibi mmoja wa Kijapani aliyekuwa akidai ameyaona 15. Nyuma ya jengo kuna birika la jiwe lenye herufi nne zinazotumia kwa pamoja tundu la mraba la katikati. Zikisomwa pamoja na tundu hilo, maana yake ni kama "ninachojua ni kutosheka". Nilipomtafsiria, alisema ndiyo maana jiwe la 15 hawalionyeshi.

Angalizo: kuna watu Ryoan-ji haiwapi kitu. Rafiki yangu mhandisi alitazama changarawe dakika mbili akauliza kama hiyo ndiyo bustani au bado wanasubiri maua. Kama unayekwenda naye ni wa aina hiyo, au una watoto wadogo, mzungushe kwenye bwawa kubwa la chini, lenye mayungiyungi. Ni la kiingilio kile kile na karibu kila mtu hulipita bila kulitazama.

Ninna-ji, mbele zaidi, nalitaja kwa ufupi. Ilikamilishwa mwaka 888 na mfalme Uda, na kwa karne nyingi wakuu wake walitoka ukoo wa kifalme. Pana uwanja, pana pagoda, mnara wa hekalu, ya ghorofa tano, pana nafasi ya kupumua. Sakura zake, ile miti ya maua ya cheri, ni fupi, karibu na uso wa mtu, na huchanua baada ya nyingine za mjini kuanza kupukutika. Ukifika mjini umechelewa sakura, kimbilia hapo.

Upande wa mjukuu unatoka kwenye njia ya miguu. Ukishuka kutoka Ginkaku-ji, kupita maduka, unakutana na kijito chenye njia pembeni, urefu wake kama kilomita mbili, kinachoitwa Njia ya Mwanafalsafa, kwa kuwa Nishida Kitaro wa Chuo Kikuu cha Kyoto alikuwa akitembea hapo akiwaza. Maji yake yanatiririka kuelekea kaskazini, kinyume na mito ya mji huo. Sababu ni kwamba kijito hicho ni tawi la mfereji. Mfalme alipohamia Tokyo, Kyoto ulianza kufifia, na viongozi wake wakaamua kuvuta maji ya ziwa Biwa kupitia mlimani. Kazi akakabidhiwa Tanabe Sakuro, mhandisi aliyekuwa ametoka tu chuoni, na mfereji ukafunguliwa mwaka 1890. Maji hayo yakazungusha mitambo ya umeme, umeme ukaendesha tramu.

Kabla hujaenda mbali, panda kushoto uingie Honen-in. Hulipi kitu kuingia uani. Kuna lango lenye paa la nyasi, na ukilipita unashuka kati ya matuta mawili ya mchanga mweupe ambayo watawa huyachora upya mara kwa mara: jani, wimbi, ua. Kupita katikati yake ni kama kunawa. Ndilo hekalu ninalolipenda kuliko yote Kyoto, na sijawahi kukaa humo zaidi ya robo saa.

Mbele ni Eikan-do, na huko nendea sanamu moja. Amida wake, yaani Buddha anayeombwa hapo, anatazama nyuma juu ya bega, jambo nadra kwa sanamu za Wabudha. Wanasimulia kwamba alfajiri moja ya mwaka 1082 mtawa Eikan alikuwa akizunguka madhabahu akisali, sanamu ikashuka na kumtangulia. Eikan akaganda kwa mshangao. Sanamu ikageuza shingo: "Eikan, unachelewa." Nimeona watu wazima wakisimama mbele yake kimya. Novemba, majani ya momiji, miti ya mepo ya Kijapani, yanapoiva na kuwa mekundu, hekalu hili hupandisha kiingilio na foleni inafika barabarani. Nje ya msimu huo unaweza kuwa peke yako.

Mwisho wa njia ni Nanzen-ji, iliyoanzishwa mwaka 1291. Uwanja ni wa bure. Lango lake la mwaka 1628 ni refu kiasi cha kukufanya uvue kofia, na kwa malipo unaweza kulipanda. Ngazi zake ni za kusimama wima, shangazi alizitazama akaketi chini. Nyuma ya mahekalu kuna kitu usichokitarajia: daraja la matao ya matofali mekundu linalobeba maji ya mfereji ule ule wa Biwa. Lilipojengwa wapo waliosema linaharibu hekalu. Siku hizi wanandoa wanapigia picha hapo.

Saa, basi, mfuko na tumbo

Saa ndiyo itakayoamua uzuri wa siku kuliko jina la hekalu. Kinkaku-ji hufunguliwa saa 3 asubuhi, na saa 3 hiyo hiyo mabasi ya watalii yameshapanga foleni. Ryoan-ji hufunguliwa saa 2, au saa 2 na nusu miezi ya baridi. Kwa hiyo ukichagua upande wa babu, anzia Ryoan-ji, kaa barazani kabla ya makundi, kisha rudi Kinkaku-ji. Msongamano utaukuta, lakini bwawa ni pana na picha utapata. Upande wa mjukuu, Ginkaku-ji hufunguliwa saa 2 na nusu, baridi saa 3. Fika hapo, halafu shuka kusini taratibu.

Usafiri: kutoka Osaka ni nusu saa kwa treni ya JR ya mwendo wa haraka. Ndani ya Kyoto basi la mjini ni yen 230 kwa safari nyingi, na kadi ya siku ya treni ya chini ya ardhi pamoja na mabasi ni yen 1,100. Mabasi ya kwenda Kinkaku-ji kutoka stesheni kuu hujaa hadi mlangoni. Afadhali panda treni ya chini hadi Kitaoji, uchukue basi hapo. Upande wa mjukuu unahitaji basi la kwenda tu, kwa kuwa unamalizia karibu na kituo cha treni cha Keage. Basi namba 204 linaunganisha pande zote mbili, na hilo ndilo linalowadanganya watu kwamba wanaweza kufanya zote asubuhi moja.

Mfuko: Kinkaku-ji ni yen 500, Ryoan-ji 600, na mahekalu mengi ya kulipia huwa kati ya 500 na 1,000. Upande wa babu, Kinkaku-ji na Ryoan-ji zote zina dirisha la tiketi. Upande wa mjukuu nusu ya unachokiona hulipii. Beba fedha taslimu. Beba pia soksi zisizo na tundu, maana utavua viatu Ryoan-ji na Eikan-do, na mbao za Januari zina baridi ya kuuma mifupa.

Kula: karibu na Nanzen-ji kuna migahawa ya yudofu, tofu ya moto kwenye chungu. Inaonekana chakula salama kwa kila mtu, ila anayeangalia halali aulize kuhusu mchuzi, kwa sababu mara nyingi una mirin, kiungo chenye kilevi cha mchele, na supu huchemshwa kwa samaki mkavu. Upande wa babu, ukweli ni kwamba nilikuwa nabeba mkate.

Hali ya hewa inageuza mizani. Jua kali na anga la bluu, dhahabu inashinda bila mjadala. Theluji ikianguka, jambo la siku chache tu kwa mwaka, acha ratiba yako yote ukimbilie Kinkaku-ji. Mvua ya Juni ni ya mjukuu: kuvumwani inawaka, mbao zinakolea, na watu wamebaki hotelini. Agosti jotoridi hupita 35, hewa haisogei, na ningemshauri mtu achague upande wenye vivuli, yaani mashariki tena.

Umeona sikutaja Arashiyama na mianzi yake, wala Kiyomizu-dera. Nazo nzuri, ila kila moja inakula nusu siku. Saiho-ji, bustani ya kuvumwani inayosifiwa kuliko zote, inataka uombe nafasi mapema, na kabla ya bustani kuna shughuli ya kunakili maandiko. Hiyo ni ya safari ya pili.

Basi mimi nagawa hivi. Una watoto, au mzazi aliyesubiri maisha yake yote kuiona ile picha ya kwenye kalenda, au unatoka stesheni saa 5 mchana ukiwa na saa tatu tu: nenda kwa babu. Una siku nzima na miguu mizima, au umeshachoka na foleni za viwanja vya ndege: nenda kwa mjukuu. Mnasafiri wawili na hamkubaliani, nendeni kwa babu lakini mkae Ryoan-ji muda mrefu kuliko Kinkaku-ji.

Shangazi nilimpeleka kote, kwa siku mbili. Siku ya pili tulipotoka Nanzen-ji tulipita kwenye handaki dogo la matofali chini ya njia ya zamani ya kuvutia mashua za mfereji. Matofali yake yamepangwa kwa kupinda, kama kamba iliyosokotwa, na ukitembea ndani unahisi ukuta unazunguka. Akasimama katikati, akapapasa matofali, akaniuliza hili nalo hekalu la nani. Ng'ambo ya handaki ndipo ulipo mlango wa kituo cha Keage.